Mguu wa Kulia Una Kazi Mbili: Maswali Yenu Kuhusu Gari na Pikipiki

Barua na ujumbe wa simu mlionitumia safari hii karibu vyote vinauliza jambo moja: aliyezoea pikipiki amekaa kwenye gari, au aliyezoea gari amepanda pikipiki, na mwili unakataa. Nafundisha vyombo vyote viwili hapa Mwanga, Kigoma, kwa hiyo maswali haya nakutana nayo kila siku. Nitajibu kwa urefu pale panapoweza kumgharimu mtu maisha, na kwa ufupi pale ambapo ni suala la mazoea tu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe changu kiko Gungu. Nimeendesha pikipiki tangu ujana na sijawahi kumwangusha abiria. Sasa kuna mzee wetu amenunua Noah, anataka niiendeshe. Nilidhani itakuwa kazi nyepesi kwa sababu barabara naijua na alama nazijua, lakini nikishika usukani najiona kama sijawahi kuendesha chochote. Juzi uwanjani nilitaka kusimama, gari likaruka mbele. Tatizo ni gari au ni mimi? *Dereva wa Gungu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Gari halina ubovu. Mguu wako wa kulia umefanya kile ulichoufundisha miaka yote.

Angalia unavyokaa kwenye pikipiki. Mguu wa kulia uko kwenye futresti, vidole viko juu ya breki ya nyuma, basi. Hauna kazi nyingine. Mbuzi akikatiza, mtoto akichomoka uchochoroni, mguu unashuka na pikipiki inapunguza mwendo. Umelifanya hilo mpaka halipiti tena kichwani. Kwenye gari mguu huohuo umepewa kazi mbili: breki iko katikati, mafuta yako kulia kabisa, na sehemu kubwa ya safari mguu umekaa juu ya mafuta. Ukishtuka, mguu unashuka hapohapo ulipo, na hapo ulipo ni kwenye mafuta. Gari linaruka, unashtuka zaidi, unakandamiza zaidi. Hili ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila dereva wa bodaboda anayekuja kwangu, kwa sababu hatari yake kubwa imo ndani ya ujuzi alio nao tayari.

Dawa yake inaanza injini ikiwa imezimwa. Simamisha Noah mahali tambarare, vuta hendibreki, kaa vizuri. Kisigino cha mguu wa kulia kitue sakafuni kikiwa kimeelekea breki, wala si mafuta. Kutoka hapo zungusha vidole kidogo kulia, utafika kwenye mafuta. Ukivirudisha, viko kwenye breki. Kisigino hakiondoki sakafuni. Halafu mwombe mtu akae kiti cha pembeni, mpige soga zenu za Simba na Yanga, na wakati usiotegemea akuite kwa sauti: breki! Usiangalie chini. Siku mguu utakapofika kwenye breki bila macho kuusaidia, washa injini mwendelee na zoezi hilohilo kwa mwendo wa mtu anayetembea. Na ukiingia barabarani, kila unapokaribia soko, shule au kijiwe cha wenzako, toa mguu kwenye mafuta uuweke juu ya breki bila kukanyaga. Mguu ulioko tayari kwenye breki hata ukishtuka hauna pa kukosea.

Mguu wa kushoto ni habari nyingine. Noah nyingi zinazoletwa kwetu kutoka Japani ni otomatiki, hazina pedeli ya klachi. Kwenye pikipiki mguu wa kushoto ndio uliobadilisha gia mchana kutwa, sasa hauna kazi kabisa, na mguu usio na kazi hujitafutia. Unapunguza mwendo, mguu wa kushoto unataka kushiriki, unakanyaga pedeli pana ya breki kwa nguvu zake zote, na abiria wa nyuma wanakuja mbele. Uegemeze kushoto kabisa sakafuni ukae huko. Breki ya gari la otomatiki inakanyagwa kwa mguu wa kulia, uleule unaokanyaga mafuta, ili usiweze kamwe kukanyaga vyote viwili kwa pamoja.

Mikono nayo inakumbuka. Nikiwa nimekaa pembeni ya mwanafunzi aliyetoka kwenye bodaboda, naona kifundo cha mkono wake wa kulia kikinyongwa kuelekea chini pale anapotaka gari liongeze mwendo. Usukani hauelewi lugha hiyo. Akiwa kwenye gari la gia, vidole vya mkono wa kushoto vinabana kichwa cha gia kana kwamba kuna klachi pale, na ndani ya kiatu cha kushoto vidole vya mguu vinanyanyuka kuitafuta gia ya pili. Haya hayana madhara, yanakwisha yenyewe kwa mazoezi. Usijilaumu ukijikuta unayafanya.

Ila kuna jambo la klachi ambalo halikwishi lenyewe, na linakula fedha. Siku ukikabidhiwa Hiace au pikapu ya gia, usiishike klachi yake unavyoishika ya pikipiki. Klachi ya pikipiki nyingi za kazi ni pleti kadhaa zinazofanya kazi ndani ya oili ya injini, kwa hiyo zikisuguana oili inazipoza. Ndiyo maana unaweza kupita polepole katikati ya watu sokoni ukiwa umeibana klachi nusu, kwa muda mrefu, na pikipiki isilalamike. Klachi ya gari kwa kawaida ni pleti moja, kavu. Ukiishikilia katikati inasuguana bila kitu cha kuipoza, inatoa harufu kali, na kesho fundi anashusha gia boksi. Kwenye gari klachi inakanyagwa hadi mwisho, inaachiwa taratibu mpaka ishike, halafu mguu unaondoka kabisa juu yake. Usiupumzishe pale.

Gia zenyewe utazipenda. Kwenye pikipiki huwezi kutoka ya nne kwenda ya pili bila kupitia ya tatu. Kwenye gari unaweza, mkono unakwenda moja kwa moja. Na frii ya gari haitafutwi kwa kunusa kama ile ya pikipiki iliyojificha kati ya ya kwanza na ya pili: iko katikati, tikisa kichwa cha gia kulia na kushoto, kikicheza huru uko frii.

La mwisho kwako: kwenye pikipiki umekaa katikati ya chombo, ukipita wewe pikipiki imepita. Kwenye gari letu umekaa kulia, na upande mzima wa kushoto uko mbali nawe. Upenyo uliouzoea pale stendi, Noah haipiti. Na kama mzee anataka ibebe abiria wa kulipa, leseni ya daraja B haitoshi, hiyo ni ya gari binafsi. Ulizia madaraja ya C kabla hujaanza kazi.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Nabeba dagaa kwa pikapu ya gia kutoka Kibirizi. Nikisimama kwenye mlima wa kutoka stesheni kupanda Mwanga, gari linarudi nyuma kabla sijaondoka. Na pikipiki ya kaka yangu inanifanyia vilevile. Halafu wenzangu wananishauri wakati wa kushuka niweke frii ili nibane mafuta. Ni sahihi? *Kijana wa Kibirizi*

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Nianze na kupanda.

Kwenye gari, tatizo ni kwamba mguu wa kulia unatakiwa sehemu mbili kwa wakati mmoja: kwenye breki kuzuia gari, na kwenye mafuta kuliondoa. Hendibreki ndiyo inayoukomboa. Vuta hendibreki, weka gia ya kwanza, ongeza mafuta kidogo, kisha achia klachi polepole mpaka uhisi mambo matatu: mlio wa injini unashuka, pua ya gari inanyanyuka kidogo, na kiti kinatetemeka chini yako. Hapo klachi imeshika. Tuliza mguu wa kushoto hapo hapo, usiachie zaidi, shusha hendibreki, gari litasimama peke yake au litaanza kupanda. Ukiwa na mzigo wa dagaa nyuma, mafuta yaongezeke kidogo kuliko gari likiwa tupu. Wengi wanakosea kwa kushusha hendibreki kwanza kisha ndipo waitafute klachi. Wakati huo gari limeshaanza safari ya kurudi stesheni.

Kwenye pikipiki hakuna hendibreki, na huihitaji. Kosa lako bila shaka ni kwamba umeishikilia kwa breki ya mbele. Breki ya mbele inabanwa na mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndio wenye mafuta. Ukiiachia ili uvute mafuta, pikipiki inarudi. Ishikilie kwa breki ya nyuma, kwa mguu wa kulia, na mguu wa kushoto ndio uwe chini kukubeba. Hapo mkono wa kulia uko huru kuvuta mafuta, mkono wa kushoto unaachia klachi taratibu, na ikishika unaondoa mguu wa kulia kwenye breki. Sasa fikiria miguu yako mwenyewe: kabla ya kusimama kwenye mlima, gia ya kwanza iwe imeshaingia, maana ukishatua mguu wa kushoto chini huna mguu wa kuitafutia gia.

Kuhusu kushuka na frii, nakuomba sana uache. Gari likiwa ndani ya gia, injini yenyewe inalizuia. Ukiweka frii, uzito wote wa gari na dagaa zako unabebwa na breki peke yake, zinapata moto, na breki iliyopata moto sana inapoteza nguvu. Wengine huenda mbali zaidi na kuzima injini kabisa. Breki za gari husaidiwa na nguvu inayotokana na injini. Ikizimwa, unabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu, kisha pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani wa pawa nao unakuwa mzito, na ukichomoa funguo unaweza kujifunga kabisa. Na hayo mafuta wanayodhani wanayabana? Gari la injini ya kisasa, lile lenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta, likishuka ndani ya gia huku umeachia pedeli, kompyuta inakata mafuta karibu yote. Likiwa frii, injini inaendelea kunywa ili isizimike. Kwa hiyo anayeshuka na frii anatumia zaidi. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia.

SWALI: Mwalimu, mimi ni muuguzi kwenye zahanati upande wa Kalinzi. Nyumbani tuna gari dogo la otomatiki, naliendesha vizuri. Kazini tumepata pikipiki kwa ajili ya kufuata watoto wa chanjo vijijini, na mimi nimeteuliwa kuiendesha. Aliyenifundisha siku ya kwanza alinionya nisiiguse breki ya mbele hata siku moja kwa sababu itanipindua. Nimeshika neno lake, lakini nikikanyaga ya nyuma peke yake naona pikipiki inachelewa sana kusimama. *Mama wa Kalinzi*

JIBU: Mama, pole na kazi, na hongera kwa kuuliza. Onyo ulilopewa limezagaa nchi nzima, na linaumiza watu.

Unapopunguza mwendo, uzito wako na wa pikipiki unasogea mbele. Utalisikia hilo kwenye viganja na kwenye shokapu za mbele zinavyobonyea. Tairi la mbele linakandamizwa kwenye ardhi, linashika zaidi. Tairi la nyuma linakuwa jepesi, linashika kidogo. Kwa hiyo kwenye lami kavu, nguvu kubwa ya kusimama, kama asilimia 70 hivi, inatoka mbele. Anayetumia ya nyuma peke yake ameiacha breki yake bora bila kazi, na tairi la nyuma likijifunga linateleza na kumpeleka pembeni. Kwenye gari hukuwahi kuyafikiria haya kwa sababu pedeli moja inagawa breki kwenye matairi yote manne bila kukuuliza. Kwenye pikipiki mgawaji ni wewe.

Kinachompindua mtu ni kuinyakua. Breki ya mbele haikamatwi kwa ghafla. Tumia vidole viwili, anza kwa kugusa tu, ngoja uhisi uzito umesogea mbele, kisha ongeza kubana kadiri pikipiki inavyotulia. Mguu wa kulia ubonyeze ya nyuma wakati huohuo, kwa upole. Usukani uwe umenyooka, macho yako yawe mbele na si kwenye tairi. Tafuta uwanja wa mpira uliokauka na kushikana, anza na mwendo wa kilomita 20 kwa saa, fanya hivyo mpaka mikono ikuamini, ndipo uongeze.

Lakini barabara zako za Kalinzi si lami kote, na huko ushauri unabadilika. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, kwenye changarawe zinazozunguka kama gololi, tairi la mbele likijifunga hata kwa nukta moja uko chini. Hapo nyuma ifanye kazi kubwa, mbele iguswe kidogo sana, na zaidi ya yote punguza mwendo mapema, kabla hujafika kwenye utelezi, kwa kuachia mafuta na kushusha gia. Kona nayo isiingiwe na breki. Maliza kupunguza mwendo pikipiki ikiwa wima, ndipo ulale nayo.

Nikuonye jambo ambalo huenda hukuambiwa, kwa kuwa umetokea kwenye otomatiki. Mkono wa kulia wa pikipiki unabeba mafuta na breki kwa pamoja. Mtu akishtuka hukaza ngumi, na ngumi ikikazwa vibaya inavuta mafuta. Wageni wengi wa pikipiki hurukia ukuta namna hiyo, wakiwa wameng'ang'ania mshikio huku pikipiki inazidi kukimbia. Kinga ni jinsi unavyoshika tangu mwanzo: kabla ya kuondoka, kifundo cha mkono kiwe chini ya usawa wa vidole, kiwiko kimelegea. Ukikaza ngumi katika mkao huo mafuta hayafunguki. Na kama yamefunguka, bana klachi. Mkono wa kushoto ukibanwa wote, injini italia itakavyo lakini tairi halipati nguvu. Kwenye gari lako la otomatiki hukuwa na kitu hicho, kwa hiyo jifundishe kwa makusudi: likitokea lolote nisilolielewa, nabana kushoto.

Mengine kwa haraka. Indiketa ya gari inajizima yenyewe usukani ukirudi. Ya pikipiki nyingi haijizimi, inabaki inawaka, na dereva wa nyuma anaamini unakata kona. Kila ukimaliza kona, kidole gumba cha kushoto kiizime. Mpangilio wa gia muulize mwenye chombo kabla hujaondoka: nyingine ya kwanza inakanyagwa chini na zilizobaki zinanyanyuliwa juu, nyingine zote zinakanyagwa upande mmoja. Na ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, usukani haukatwi kama wa gari. Sukuma kidogo mbele mshikio wa upande unakotaka kwenda, pikipiki italala upande huo na kukata yenyewe. Ukisukuma wa kushoto, unakwenda kushoto. Lijaribu taratibu uwanjani, utashangaa mwili unavyolijua tayari kutoka kwenye baiskeli.

SWALI: Bajaji ni ndugu wa gari au wa pikipiki? Nataka kuanza nayo nikiwa sijui chochote kati ya hivyo viwili. *Binti wa Ujiji*

JIBU: Binti yangu, mikono ni ya pikipiki, mguu ni wa gari. Mafuta yako mkono wa kulia, yananyongwa. Klachi iko mkono wa kushoto, na bajaji za kawaida za abiria gia nazo ziko hapohapo: unabana klachi kisha unazungusha mshikio wote wa kushoto kutoka namba moja hadi nyingine. Breki inakanyagwa kwa mguu wa kulia. Mguu wa kushoto hauna kazi. Kwa asiyejua chochote ni mwanzo mzuri, kwa sharti moja: bajaji hailali kwenye kona kama pikipiki. Ukiingia kona ya Ujiji kwa kasi na abiria watatu nyuma, tairi la ndani linanyanyuka. Punguza kabla ya kona, na usikate ghafla. Leseni ya gari binafsi haikuruhusu kuiendesha, kwa hiyo anza na lena, yaani leseni ya kujifunzia, ya daraja linalohusika.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nafanya biashara ya kuvuka Manyovu kwenda Burundi, wakati mwingine na pikipiki, wakati mwingine na gari. Kule wanapita kulia. Nimeona magari ya kule mengine yana usukani kushoto, lakini pikipiki zao ni kama zetu kabisa. Kwa nini gari linageuzwa na pikipiki haigeuzwi? Na nijihadhari na nini? *Mfanyabiashara wa Manyovu*

JIBU: Marahaba. Umeona vizuri, na swali lako nimelipenda.

Gari linageuzwa kwa sababu dereva anatakiwa kukaa karibu na katikati ya barabara, ili aone anayekuja mbele kabla ya kuovateki. Anayepita kushoto kama sisi anakaa kulia. Anayepita kulia kama Warundi anafaa kukaa kushoto. Lakini angalia miguuni: hata usukani ukihamia kushoto, pedeli hazigeuki. Klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia, kote duniani. Kinachohama ni gia, kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Pikipiki dereva amekaa katikati, hana upande wa kuhamia, kwa hiyo hakuna cha kugeuza.

Makubaliano haya yote hayakuwapo tangu mwanzo. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 halikuwa hata na usukani wa duara, lilikatwa kwa fimbo. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kusambaa dunia nzima, ilikuwa na pedeli tatu ambazo zingekuua leo: ya kushoto ilikuwa ya gia, ya katikati rivasi, ya kulia breki, na mafuta yalivutwa kwa mkono kwenye nguzo ya usukani. Angalia hiyo breki ya kulia na mafuta ya mkononi. Dereva wa bodaboda angeielewa Model T haraka kuliko dereva wa gari. Cadillac ya mwaka 1916 ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza kupanga pedeli kama tunavyozijua, kisha Austin 7 ya Uingereza, iliyotoka 1922 ikauzwa kwa bei nafuu, ikaueneza mpango huo.

Pikipiki zilichelewa zaidi. Za Uingereza zilikuwa na gia mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto kwa miaka mingi, kinyume cha hizi zetu. Katikati ya miaka ya 1970 Marekani iliweka kanuni kwamba gia iwe kushoto na breki kulia, na kwa kuwa kila kiwanda kilitaka kuuza Marekani, wote wakafuata. Honda nao walikuwa wameshatoa Super Cub mwaka 1958, pikipiki yenye gia lakini isiyo na klachi ya mkono, ili mtu aweze kuendesha huku mkono wa kushoto uko huru. Hadi 2017 walikuwa wametengeneza Cub zaidi ya milioni 100. Mimi napenda kila chombo kingekuwa na mpangilio mmoja, gari na pikipiki, lakini miguu miwili na mikono miwili haitoshi kwa hilo. Anayepanda pikipiki anahitaji miguu yake chini kila anaposimama, kwa hiyo klachi na mafuta lazima yaende mikononi.

Sasa tahadhari zako. Ukivuka na pikipiki, mikono na miguu haibadiliki kitu, na hilo ndilo linalokuhadaa: mwili unahisi uko nyumbani huku barabara imegeuka. Mara nyingi watu hawakosei mpakani penyewe, maana pale wako macho. Wanakosea wakishasimama dukani au kituo cha mafuta, kisha wanaingia tena barabarani peke yao, hakuna gari lingine la kufuata, mwili unawapeleka kushoto. Kila unapoondoka mahali uliposimama, jiulize kwa sauti upande gani. Kipilefti cha kule kinazungukwa kwa upande mwingine, na gari la kulitazama kwanza kabla ya kuvuka linatokea kushoto kwako.

Ukiwa na gari lako la usukani wa kulia huko Burundi, umekaa pembezoni mwa barabara na lori lililo mbele limekuziba. Huoni anayekuja. Usichungulie kwa kulitoa gari zima. Baki nyuma ya lori kwa umbali mkubwa kuliko ulivyozoea, ili uone mbele kupitia upande wake wa kushoto, na kama una mtu kiti cha kushoto, yeye ndiye macho yako. Mwambie aseme "subiri" mpaka aone barabara nyeupe, na uamuzi wa kupita ubaki wako. Saitimira ya kushoto, ambayo kwetu huwa unaitupia jicho mara chache, ndiyo ya kuangalia kwanza kabla ya kuovateki. Irekebishe mkiwa mpakani, gari likiwa limesimama.